Nives Candotti, Aliyewafikisha Watu wa Masufuria Angani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nives Candotti. Alifariki Jumanne, hospitalini, hapa hapa mjini kwetu Gemona, akiwa na miaka themanini na moja. Najua wengi mliofanya kazi kwake mnanisikiliza mkiwa jikoni. Punguzeni moto kidogo, mkae.

Baba yake Nives, mzee Ermes, alikuwa fundi wa masufuria makubwa ya shaba, yale ya kutengenezea jibini. Mwaka 1976, ardhi ilipotetemeka, karakana ilimwangukia. Nives na kaka yake Elvio walifukua mawe kwa mikono mpaka wakamfikia. Walimkuta ameshakufa.

Wakaanza upya ndani ya hema. Elvio alichomelea vyuma, Nives alitafuta wateja. Siku moja akaja profesa kutoka chuo kikuu cha Trieste. Alitaka fremu nyepesi ya setilaiti ndogo.

Elvio akacheka. "Profesa, sisi ni watu wa masufuria."

Nives akamkanyaga mguu chini ya meza. "Tutaitengeneza," akasema.

Wakaitengeneza. Fremu ile ikaleta nyingine. Yakaja matangi ya mafuta, kisha setilaiti nzima nzima. Wafanyakazi wakafika mia tatu, lakini kampuni ikabaki ya familia. Nives aliongoza. Elvio alisimamia majaribio. Dario, mtoto wa Elvio, alirudi na shahada ya uhandisi.

Kitu kimoja Nives hakukiweza. Kabla ya kurushwa, setilaiti hutikiswa juu ya meza maalumu, kuona kama itastahimili roketi. Kila meza ile ilipoanza kunguruma, Nives alitoka nje akasimama uwanjani mpaka inyamaze. Hakuna aliyemcheka. Hapa kwetu, baada ya tetemeko lile, nani angemcheka?

Halafu ikaja ile siku ya mwaka 1998. Tangi lilikuwa linajazwa gesi kwa nguvu, kupima uimara wake.

"Vali hii hainiridhishi," Elvio akasema. "Niachie mpaka kesho."

"Kaka, lori linakuja asubuhi. Roketi haitatusubiri."

"Wewe Nives, hata padri utamharakisha kwenye mazishi yako."

Elvio akarudi ndani, kwenye tangi. Tangi likapasuka. Elvio akafa palepale.

Wasikilizaji wapendwa, mwanasheria alimshauri Nives aseme vali ilikuwa mbovu, basi, anyamaze. Na kweli ilikuwa mbovu. Lakini Nives aliwaita wafanyakazi kwenye bwalo la chakula. Dario alikuwa amesimama mlangoni. Nives akasema, "Elvio aliniambia vali haifai. Mimi ndiye niliyemharakisha." Maneno yale yale akayarudia mahakamani. Akahukumiwa kifungo cha nje. Wateja wakakimbia. Kiti chake akampa Dario.

Dario alikipokea kwa sharti. "Nitabaki, shangazi. Lakini mtu wa majaribio akisema kesho, ni kesho. Na wewe hutamuuliza kwa nini."

"Sitamuuliza."

Na hakuuliza. Polepole wateja wakarudi. Setilaiti za Gemona zikaruka moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekufa tena.

Juzi nilikwenda kumpa pole Dario. Nikadhani ataniambia kwamba yale ya kifo cha baba yake yalikwisha.

"Watu wanataka niseme nilimsamehe," akaniambia. "Sikumsamehe. Kila Jumapili nilimpelekea supu ya maharagwe. Tulikula, tukaongea mambo ya kazi. Jina la baba halikutajwa. Miaka yote hiyo."

"Hata hospitalini?"

"Wiki iliyopita nilipokuwa natoka, alinishika mkono wa koti. Akasema, 'Dario, kuhusu baba yako.' Nikamwambia, 'Pumzika, shangazi. Usijichoshe.' Nikajitoa taratibu, nikaondoka. Niliporudi alikuwa hawezi tena kusema."

"Unadhani alitaka kusema nini?"

"Sijui," akajibu. "Ndiyo hivyo. Sijui."

Kwako Dario, na kwa ukoo wote wa Candotti, poleni sana. Poleni pia nyote mliokula mkate wa karakana ile. Mazishi ni kesho asubuhi, na Nives atazikwa kando ya Elvio na mzee Ermes.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yupo mtu nyumbani kwenu ambaye kila akianza kusema jambo fulani, mnamwambia apumzike. Leo mvutieni kiti. Mwacheni aseme mpaka amalize.