Kifaa Kilichomtetea Kageha

Mgeni rasmi, Daktari Katunge wa maabara ya chuo kikuu. Mwanafunzi wako Whitney, ambaye hapa Gatina sasa ni mtoto wa nyumbani. Majirani wote: karibuni kwenye banda letu. Leo mnaingia bila kufunika pua, na furaha yetu haifichiki.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu kumi na wanane tunaofuga kuku katika kiwanja cha kanisa. Tangu mwanzo, mlezi wa vifaranga ni dada yetu Kageha.

Julai iliyopita baridi ilizidi. Tukaziba madirisha kwa nailoni. Wiki ya pili vifaranga wakavimba macho, wakakohoa, na arobaini na mmoja wakafa. Mkutano ukaitwa, tukasema Kageha amezembea.

Alisimama akajibu, "Mimi niko humo kutoka alfajiri. Sijasikia harufu yoyote mbaya."

Hatukumwamini. Tulimnyang'anya ufunguo wa banda, naye akabaki kuchota maji tu.

KIFAA KILIPOFIKA

Siku nne baadaye Whitney alikuja kutafuta mahali pa kujaribia kifaa chake, kidogo kama kiberiti. Alitueleza kwamba ndani mna grafini, utando wa kaboni mwembamba ajabu, uliochanganywa na oksidi ya bati. Kinyesi chenye unyevu hutoa gesi ya amonia. Gesi hiyo ikiugusa utando, umeme unaopita humo hubadilika na taa nyekundu huwaka.

Alipoingia bandani, machozi yalimtoka. Kageha alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Mathe, hapa kunachoma. Kwani hauskii?"

"Siskii kitu, mwanangu."

"Ni vile umezoea. Pua ikikaa sana na amonia inanyamaza."

Alikitundika chini, usawa wa vifaranga. Nyekundu. Tukasema kimeharibika. Akakitoa nje, baada ya muda taa ikazima. Akakirudisha ndani, ikawaka tena.

Kageha hakungoja kuambiwa. Alimwaga maji, akaifudikiza ndoo, akapanda juu yake na kurarua nailoni ya dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Tukaondoa kinyesi na kutandika maranda makavu. Wiki iliyofuata hakuna kifaranga aliyekohoa. Ufunguo alirudishiwa, akaupokea, akaingia kazini.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Mvua ikinyesha, unyevu hukidanganya kifaa na taa huwaka bure. Whitney amebadilisha mchanganyiko mara mbili, na sasa hudanganyika mara chache. Kubwa ni kwamba Ijumaa majaribio yanakwisha na kifaa kinarudi maabara.

Tunaomba kibaki. Tunaomba pia Kageha afundishwe kukitumia, awafikie wafugaji wenzetu wa Kibera. Huenda huko nako kuna mtu analaumiwa leo kwa hewa asiyoinusa.

Ombi la mwisho, Daktari, si kwako. Ni kwa huyu aliyeketi kando yako, Kageha. Aliyetoa hoja dhidi yake mkutanoni ni katibu Osewe, na ndiye anayekusomea risala hii. Dada Kageha, tulikukosea mbele ya watu. Mbele ya watu tunakuomba msamaha.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, awajalie hewa safi na vifua vyepesi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji wa Kuku, Inuka Gatina, Kawangware.