Thelma Catchpole Hakutaka Benchi

Wasikilizaji wapendwa, mlipita pale. Msiniambie hamkupita. Mlipita juu ya tuta la kuzuia bahari na mbwa zenu, mkamkuta mwanamke amepiga magoti kwenye nyasi, uso umekaribia kugusa ardhi, nanyi mkageukia baharini kama vile maji ndiyo kwanza mnayaona. "Habari za asubuhi," mkasema, mkaongeza mwendo. Jina lake Thelma Catchpole. Nalirudia, maana mmeishi naye hapa Holmsey maisha yenu yote mkimwita "yule mama wa wadudu". Thelma Catchpole.

Alikuwa mtoto bahari ilipoingia kijijini, yale mafuriko ya mwaka hamsini na tatu. Baada ya hapo wanaume walilijenga tuta upya, refu zaidi, na baba yake alikuwa mmoja wao. Wakapanda nyasi ili mizizi ishike udongo. Nyasi zikaota, zikaachwa. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: zikaachwa. Upande mmoja matope ya bahari, upande wa pili matete na maji ya kinamasi, na katikati nyasi za kufika kiunoni. Kila majira ya joto buabua, wale ndege wa pwani, walikuja kutaga kwenye changarawe, mbayuwayu wakanywa maji huku wanaruka, na kwenye tuta vipepeo wadogo wa rangi ya chungwa wakaruka kama cheche.

Dada yake, Bi Muriel, bado anacheka akisimulia. "Mama alinituma nikamwite aje kula. Namkuta kalala kifudifudi. We Thelma, viazi vinapoa! Ananijibu, viazi vimeshakufa, hiki kiko hai, njoo uone."

Ndivyo alivyokuwa hadi uzeeni. Mnakijua kile kibanda cha kuchungulia ndege, watu wananong'ona utadhani wako kanisani. Thelma hakunong'ona. Siku moja aliingia bwana mmoja na kamera ndefu kama bomba la jiko, akauliza lile swali lenu mnalouliza wote: "Kuna chochote cha maana leo?"

Thelma akashusha darubini. "Mbele ya pua yako, baba, mwewe wa kwenye matete anawalisha wanawe. Wewe ulitaka kipi? Tembo?"

Halafu kikaja kikombe. Kikombe cha mashindano ya kijiji nadhifu. Laiti kingezama baharini! Bwana Rodney Pargeter, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, aliamua kwamba majaji wakija mwezi wa saba wasione magugu. Trekta ikapanda tuta. Ikafyeka kuanzia lango la kinamasi mpaka kwenye mlango wa maji, kisha nyasi zikazolewa zikachomwa. Tukashinda. Mlipiga makofi sana, nakumbuka.

Wakati wa sherehe ukumbini, Thelma aliingia na ndoo. Akaimwaga juu ya kitambaa cheupe cha meza, katikati ya kikombe na keki. Nyasi zilizokatwa. Na ndani yake kiota, na mayai yaliyopasuka.

"Bi Catchpole," akasema Bwana Pargeter, "tuna wageni."

"Na huyu alikuwa mgeni. Ndege wa kifua cha manjano, anatoka Afrika kila mwaka kuja kutaga kwako, Rodney. Umempokeaje?"

"Ilikuwa bahati mbaya tu."

"Na vipepeo? Yule wa rangi ya chungwa hutaga mayai ndani ya shina la nyasi. Yanakaa humo baridi yote. Ukikata ukazoa ukachoma, umechoma vipepeo wa mwaka kesho."

"Nilidhani wale ni nondo," akasema mtu nyuma. Mkacheka. Ukumbi mzima ukacheka!

Bwana Pargeter akaahidi kamati italitazama jambo hilo. Kamati imelitazama kila mwaka tangu siku hiyo, na kila mwezi wa saba imefyeka. Thelma hakudai mengi. Alidai nyasi ziachwe mpaka viota viwe vitupu, na baada ya hapo kipande kikatwe, kingine kibaki na mayai yake. Hayo tu. Mtu atafikiri aliomba mwezi wa angani!

Isipokuwa mwaka jana: trekta iliharibika. Hakuna aliyeacha kufyeka kwa huruma, wala msijisifu. Iliharibika tu. Thelma alikuwa mgonjwa tayari, na Bi Muriel akamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka juu ya tuta, na chupa ya chai na mikate ya mayai. Nyasi ziligonga magoti yao. Kipepeo mmoja akatua kwenye blanketi lake.

"Akanyamaza," anasema Bi Muriel. "Thelma kunyamaza! Nikadhani amezidiwa. Kumbe analia. Akaniambia, dada, nikiondoka wataniletea benchi la ukumbusho. Nawajua. Usiwakubalie. Wakitaka kunikumbuka, waziache nyasi."

Thelma Catchpole alifariki mwezi wa nne.

Na mmemletea benchi. Bila shaka mmemletea! Nani hapa Holmsey amekufa asipewe benchi? Limechongwa maneno "Alipapenda mahali hapa." Litazinduliwa Jumamosi hii, hapohapo juu ya tuta. Bi Muriel alikwenda kwa Bwana Pargeter, akampa maneno ya marehemu kama alivyoyasema.

"Pole sana, Bi Muriel," akajibiwa. "Lakini kila mtu hupenda benchi. Na usijali, tutalifyeka tuta lote kabla, wageni wasiloweshe viatu. Kwa heshima yake."

Kwa heshima yake! Bi Muriel anasema Bwana Pargeter alikuwa na machozi machoni aliposema hivyo. Ndilo linalonichosha zaidi. Mtu mbaya ungemjibu. Huyu anakupa na kipande cha keki.

Kwa Bi Muriel na ukoo wote wa Catchpole, poleni. Poleni kwa msiba, na poleni kwa kuwa na majirani kama sisi. Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, jiulizeni leo kama mlimpenda mtu huyu, au mnapenda tu pa kukalia.

Mkimaliza kujiuliza, simameni. Trekta imetengenezwa. Inakuja kesho saa mbili asubuhi, na njia yake ni moja, lango la kinamasi. Benchi liacheni, wala halimuumi mtu. Bwana Pargeter yuko nyumbani sasa hivi anakunywa chai, mpigieni simu mpaka chai ipoe. Na kesho, kabla ya saa mbili, nendeni na magari yenu mkayaegeshe langoni, moja nyuma ya jingine. Chukueni mbwa. Piteni juu ya tuta mnapopita siku zote, na safari hii pigeni magoti.