Miaka Thelathini na Moja Nyuma ya Pazia: Yaqdhan wa Rokabili

Alhamisi hii, tarehe 30 Oktoba 2025, fundi wetu wa sauti, Yaqdhan bin Aws, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika Ukumbi wa Nasaim, ukumbi wetu wa harusi hapa Al Amerat, Maskati. Kila bibi harusi aliyeingia kwetu kwa muziki mzuri, aliingia kwa mkono wake, ingawa hakumwona. Upande wa wanawake, fundi mwanamume hukaa nyuma ya pazia na mitambo yake mpaka wageni waondoke.

Wengi tunamjua kama Ami Yaqdhan wa nyaya na spika. Wachache wanajua kwamba ujanani alikuwa mwimbaji na mtunzi wa rokabili, ule muziki wa zamani wa Marekani wa gitaa linalokimbia na besi kubwa linalopigwa kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi. Aliuimba kwa Kiswahili cha mama yake, mzaliwa wa Unguja. Yeye alishika gitaa, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa, na rafiki yake Maan alipiga besi. Walijiita Radi ya Wadi.

Bahati haikuwapenda. Wazee walitaka taarabu, vijana walitaka nyimbo za Kiarabu, na wao walibaki katikati kama watu waliokosa mabasi mawili. Kanda yao moja tu waliirekodi dukani Hamriya. Mwenye duka aliposikia ni Kiswahili, akazibandika nakala zake karatasi za taarabu. Kina mama wakazinunua kwa hamu, wakaziweka kwenye sherehe za hina, na badala ya fidla likatoka gitaa na kijana anayepiga kelele kwamba gari lake halina breki wala moyo wake hauna. Kanda zikarudishwa wiki hiyo hiyo. Ami akisimulia kisa hiki hucheka mpaka ashike meza. Maan hakucheka, alihamia Sur, na Radi ya Wadi ikanyamaza.

Kisha akampenda Bi Kheiria. Hapa mimi, niliyeolewa humu humu ukumbini Februari mwaka huu, nasita kidogo nivute pumzi. Alimtungia wimbo hata kabla ya kupeleka posa. Baba yake Kheiria alikuwa mtu mpole, lakini hakutaka mkwe wa gitaa, akatoa sharti moja: asiimbe tena jukwaani. Yaqdhan aliahidi, akaoa, akaja kwetu kuwafungia wengine mikrofoni. Mkwewe alifariki zamani, Mungu amrehemu, ila ahadi ilibaki hai. Kuimba nyumbani aliona ni kuivunja kwa mlango wa nyuma, na mkewe aliona haya kumwomba. Wakalea watoto wanne, na ule wimbo ukakaa kati yao kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Ukumbi mtupu tu ndio uliousikia, anapopima mikrofoni, pamoja na Nansubuga wetu wa usafi.

Jioni ya harusi yangu mvua ilishuka, wadi, lile bonde la mto mkavu, ikajaa maji, na barabara ya mlimani ikafungwa. Wanamuziki wakakwama ng'ambo ya mlima, upande wa Ruwi, na bwana harusi, Loay wangu, pia. Wageni wa Al Amerat walikuwa wameshakaa, ukumbi kimya, nami machozi yananichorea wanja mashavuni. Nansubuga akaingia nyuma ya pazia.

"Mzee, si huwa unaimba ukipima maiki?" alimwambia. "Imba basi, yalla. Huyu mtoto atalia mpaka lini?"

Ami akamjibu kwamba ana ahadi. Nansubuga akamuuliza ni ahadi gani hiyo inayomwacha bibi harusi akilia. Basi akatoa gitaa stoo, akakaa juu ya sanduku la spika, akaanza. Sauti ilitoka imekwaruza, ikapanda, ikakimbia. Mabibi waliojaa dhahabu wakapiga makofi wasijue wanapigia nini. Ubeti wa pili ukataja jina: Kheiria, washa taa, nipo nje na gari bovu. Hapo akakumbuka kwamba mkewe yumo ukumbini, na sauti ikakatika.

Bi Kheiria aliinuka, akavuka ukumbi mzima, akasimama mbele ya pazia bila ya kuligusa.

"Yaqdhan," alisema, "baba alikataza jukwaa, na wewe umekaa kwenye sanduku. Nnausubiri ubeti huu tangu nna miaka ishirini na mbili. Umalize."

Akaumaliza, akaurudia, akauendeleza mpaka Loay alipofika, kanzu yake ya dishidasha imelowa hadi magotini. Sidhani kama kuna mwanamke Maskati aliyeolewa kwa raha kuliko mimi.

Mwezi uliofuata Bi Kheiria alikwenda kwa kaka yake mkubwa, aliyeshika nafasi ya baba, akamwomba amwachilie mumewe ahadi ile. Kaka alimwachilia, akauliza kwa nini hawakuja zamani.

Kwa hiyo Alhamisi, baada ya chakula, Ami Yaqdhan atapanda jukwaani. Maan anakuja kutoka Sur na besi lake. Bi Kheiria ameshachagua kiti cha mbele. Ahsante, Ami, kwa furaha zote ulizozipa sauti. Tunakuombea afya, umri mrefu na nyimbo mpya. Mikrofoni safari hii tutakufungia sisi, na ikipiga mluzi, utusamehe.