Wimbo wa Balozi kwa Wakubwa wa Riyadh

Onesmo, ambaye kijiweni anaitwa Balozi kwa kuwa ameachishwa kazi katika nchi nyingi kuliko mabalozi wenyewe, aliumbuka Alhamisi mbele ya ofisi nzima. Kampuni yao ya mizigo pale Bandari ya Jeddah ilikuwa imepokea agizo kutoka makao makuu ng'ambo: mwezi huu ni wa urithi wa watu weusi, kila tawi lisherehekee wanamuziki weusi na nyimbo zao. Madam wa utumishi akaangaza huku na huku, ghorofa nzima akamwona mweusi mmoja tu. Wale wa yadini, chini, hawakuhesabiwa. Toka juu walionekana helmeti tu. Balozi hakukataa. Tangu lini akapewa maiki akaikataa? Simuni mwake alikuwa na taarabu za harusi ya shemeji yake na basi. Akafungulia wimbo mmoja, akaweka mkono kifuani, akawaeleza kwamba hivyo ndivyo mababu walivyomlilia Mola awape uhuru. Madam akatoa kitambaa, akajifuta machozi. Ndipo Mzee Salim wa stoo, Mhadhrami aliyezaliwa Mombasa, alipocheka hadi kilemba kikamdondoka. Akawafasiria mstari kwa mstari: mwanamke anamwambia mke mwenzake kwamba hata jiko lake la mkaa linamwonea haya.

Ijumaa alasiri habari ilikuwa imeshamtangulia kijiweni, kwenye benchi la mbao za paleti nyuma ya duka la dobi. Balozi alimkuta Wambua, jina la kazi Injinia, aliyewahi kutengeneza redio ambayo haijatamka neno tangu siku hiyo. Pembeni alikaa Omondi, yaani Nyuzi, dereva wa foklifti katika yadi ya kampuni ileile, gitaa mapajani kama Ijumaa zote.

— Manze, umewapigia wakubwa mpasho! Injinia alisema, akimimina kahawa ya tangawizi. Si ungeimba tu wimbo wa taifa?

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Balozi akajitetea. Ndiyo maana niliutembeza wimbo wangu meza hadi meza.

— Buda, hiyo methali inakutusi.

— Tumezoeana. Sasa nisikilize. Jumapili wakubwa wanashuka kutoka Riyadh. Madam kasema nilete mwanamuziki mweusi wa kweli, na wimbo wa kweli. Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, inaisha mwezi ujao, na wa kuidhinisha ni haohao. Nikiharibu tena, halas, mtanisindikiza uwanja wa ndege.

Nyuzi akainua kichwa.

— Mimi kuna wimbo wangu mmoja...

— Nyuzi, punguza hiyo kelele, bwana! Huoni tunazungumza muziki?

Nyuzi akapunguza.

— Shida yako, Injinia akasema, unafikiria kumpeleka mtu aliye hai. Hao wanataka marehemu. Urithi hugawanywa baada ya mazishi. Umewahi kuona mtu akirithiwa huku anakunywa chai? Mwanamuziki aliye hai ana njaa, anaitisha fare. Akifa anakuwa picha safi ya ukutani.

— Kwa hiyo nitafute marehemu?

— Marehemu mwenye tarumbeta. Mzungu haamini mtu mweusi bila tarumbeta.

— Mimi nilipokuwa Muscat...

— Ulipokuwa Muscat ulikuwa unauza makava ya simu.

— Niliyauza, lakini kwa mdundo! Na huko ndiko nilikogundua siri: midundo yote ya dunia iliibwa kwetu, ikapakiwa melini.

Injinia akajipiga paja.

— Ndiyo maana kontena tupu likigongwa hulia kama ngoma! Nimepima mwenyewe. La futi arobaini lina sauti ya babu, la ishirini linalia kike. Si wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma?

— Wahenga waliyajua makontena?

— Waliijua bandari nzima!

Balozi akasimama, kahawa ikimwagikia kiatu.

— Basi nimepata! Jumapili nagonga kontena. Navaa kanzu, nafumba macho, nawaambia mdundo huu umetoka kwa babu wa babu yangu.

— Na Mzee Salim?

— Huyo namfungia stoo.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, Metrine, mfanyakazi wa nyumba moja kule mtaa wa Al-Hamra, kuchukua nguo za madam wake. Dobi alimwambia angoje, naye akaegemea ukuta. Nyuzi, kwa kuona amesahauliwa, akaanza kupiga tena, polepole, wimbo wa mtu anayemwita mamaye kutoka ng'ambo ya ziwa na mama hasikii. Metrine akafunga simu aliyokuwa akiichezea.

— Wewe Nyuzi! Injinia akafoka. Yalla, weka hiyo kitu chini! Watu wanasaka mwanamuziki hapa, unawapoteza!

— Samahani, wazee wangu, Metrine akasema. Huyu ni nani?

— Huyo? Nyuzi. Anaendesha foklifti kwetu, Balozi akajibu.

— Na huo wimbo ni wa nani?

— Wangu, Nyuzi akasema.

— Sasa si mumpeleke yeye?

Injinia akajimiminia kahawa iliyobaki. Balozi akazikumbuka Ijumaa zote alizokaa kwenye benchi hili akimwambia mtu huyu apunguze. Akasogea karibu, sauti yake imenywea kama ya mkwe aliyechelewa kuleta mahari.

— Nyuzi, ndugu yangu... Jumapili una nafasi?

Nyuzi hakuinua macho kutoka kwenye uzi aliokuwa akiukaza.

— Sina. Nimeshapangiwa sherehe yenu. Nabeba spika.