Ubeti wa Tatu wa Billa Dalsgarð

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika katika kanisa hili la Sandur, kwa niaba ya Eyðun na Ragna, watoto wa marehemu, mimi Sólrun, mjukuu wake, naomba mnisikilize kwa muda mfupi nisome maisha ya bibi yetu mpendwa.

Marehemu Billa Dalsgarð alizaliwa hapa Sandur tarehe 3 Machi 1948, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hanus na mama Malvina, akasoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, kisha akajifunza ushonaji kule Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, ambako hakukaa sana, kwa kuwa alisema mji ule una kelele nyingi na nyimbo chache. Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha samaki, akashika kisu cha minofu hadi alipostaafu mwaka 2008, na wenzake waliopo hapa leo ni mashahidi kwamba meza yake ndiyo iliyoimba kuliko zote.

Tarehe 22 Julai 1970 alifunga ndoa katika kanisa hili hili na Tummas, baharia wa meli ya uvuvi, wakajaliwa Eyðun mwaka 1971 na Ragna mwaka 1975. Katika majira ya baridi ya mwaka 1974 meli ya Tummas ilikumbwa na dhoruba karibu na Greenland, sauti yake ikapotea redioni, na Billa, akiwa amempakata Eyðun jikoni, akatunga wimbo ambao wengi wetu hapa tuliimbiwa utotoni, wenye beti tatu, na ubeti wa tatu unasema:

Redio ya meli imenyamaza,
Tummas, sema neno lolote,
hata kama ni bei ya samaki.

Tummas alirudi salama, na wimbo ukatoka jikoni ukaenda zake. Billa aliurekodi kwenye kaseti, akawagawia wafanyakazi wenzake, mabaharia na wageni wa harusi, wala hakuandika jina lake juu ya kaseti hata moja, kwa sababu kila aliyempa alikuwa anamjua. Baadaye kaseti hizo ziliingizwa mtandaoni na watu wenye nia njema, na huko hakuna aliyemjua.

Mwaka 2012, miaka mitatu baada ya kumzika babu Tummas, marehemu alikuwa dukani akinunua unga, redio ikapiga wimbo wake ukiimbwa na kijana wa Copenhagen aitwaye Mikkel, na mtangazaji akasema ni wimbo wa kale wa visiwa vyetu, mtunzi hajulikani, bibi akamgeukia Jákup mwenye duka akamwambia, "Umesikia, Jákup? Wameshanizika," na Jákup akamjibu, "Pole, mama marehemu, sasa unga nikupimie kilo ngapi?"

Alicheka, lakini usiku ule hakula. Aliandika barua, akapiga simu kwa wanaosajili haki za watunzi, akaelezwa kwa upole kwamba muundo wa wimbo ni wa kale mno, na bwana mmoja mtaalamu akamwambia, "Mama, kuitwa wa kale ni heshima kubwa," naye akajibu, "Heshima ya uzee naipata hapa nyumbani, mwanangu, mimi nataka jina langu." Tena kilichomuuma zaidi ya jina ni kwamba Mikkel aliimba beti mbili tu, maana ubeti wenye redio ulionekana haufanani na mambo ya mababu, wakauacha, na kwa kuuacha wakamwacha mumewe baharini.

Hakumshtaki kijana yule, alimwalika. Mikkel alikuja kwa feri mwezi Mei 2014, akawekewa nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo na viazi, akaombwa aimbe, na alipomaliza ubeti wa pili akanyamaza, ila akina mama waliokuwa wakifuma sufu jikoni hawakunyamaza, wakaendelea na wa tatu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano zao. Kijana akaweka uma chini. "Tummas ni nani?" akauliza, na bibi akamwonyesha picha ukutani, akasema, "Huyo hapo, msalimie." Mwaka uliofuata, kwa msaada wake, wimbo ulisajiliwa kwa jina la Billa Dalsgarð, na Mikkel akaurekodi upya, beti zote tatu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akatibiwa Tórshavn, na tarehe 9 Februari 2024 alfajiri akafariki dunia, Ragna akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo, majirani waliotuletea supu na kuni, wenzake wa kiwandani, Jákup aliyefunga duka leo, na Mikkel, aliyeketi pale nyuma.

Mwisho, ndugu zangu, karatasi mliyopewa mlangoni ilichapwa mjini kwa haraka, na ukurasa wa mwisho una beti mbili, chini yake pameandikwa kwamba ni wimbo wa kale, mtunzi hajulikani. Tunaomba mwenye kalamu aandike jina la bibi, ampe jirani yake kalamu, kisha tusimame tuimbe, na tukifika mwisho wa karatasi tusiketi, tuendelee.

Pumzika kwa amani, Billa, redio haijanyamaza.