Dole Gumba Kwenye Bawa la Joka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufinyanga na kupaka rangi majoka, maroboti na askari wa sayari za mbali, wote warefu kama kidole, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Hapa karakanani hakuna anayemwita kwa jina lingine, hata meneja, ambaye kwa umri ni kaka yake.

Aliajiriwa kupaka rangi buti. Buti tu, mia mbili kwa siku, kwa miezi minane. Alipopanda cheo akapewa macho, na tangu hapo hakuna askari wetu aliyetoka mlangoni na makengeza. Hubana pumzi anapogusa mboni, na sote tulijifunza kutomsemesha wakati huo. Kikombe chake cha chai hukaa kulia, maji ya brashi kushoto. Amekosea mara tatu akanywa ya brashi, na anasema maji ya kijani ndiyo mabaya kuliko yote.

Chini ya meza yake kuna sanduku. Kila sanamu iliyotoka kwenye kalibu, kile chombo cha mpira cha kuipa umbo, ikiwa na kasoro, haina mkono au imepinda shingo, sisi tulitupa, yeye akaokota. Meneja alimwambia mara nyingi aziondoe takataka hizo. Shangazi aliitikia vizuri kabisa, kisha akalisukuma sanduku ndani zaidi kwa mguu.

Sasa niseme langu, mimi ninayemimina plastiki kwenye kalibu. Miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa na oda ya majoka elfu mbili, stoo haina hata moja, na kalibu ya mwisho imechanika. Tulilotegemea ni lile joka la kwanza kabisa, ambalo kalibu zote hutengenezwa kwalo. Nililiacha juu ya jiko la kukaushia rangi, likawa uji. Joka hilo ndilo lililokuwa likitulisha watu kumi na wanne. Nilijifungia chooni nusu saa nikitafuta maneno ya kuaga.

Shangazi hakuniuliza kitu. Alivuta sanduku, akachakura, akatoa joka zima isipokuwa bawa la kushoto. Alifinyanga bawa jipya kwa siku mbili, mshipa kwa mshipa. Tulipokuwa tunatengeneza kalibu ndipo akaona ameacha alama ya dole gumba lake chini ya bawa. Alitaka kurudia, muda haukuwepo. Oda ikatoka kwa wakati, na hakuna aliyepoteza kazi, mimi wa kwanza.

Tangu hapo kila joka letu hutoka na alama hiyo; wateja wanadhani ni kovu la vita, na wengi wanaonunua yasiyopakwa rangi hulipaka nyekundu. Yeye limemkera miaka yote. Wiki iliyopita alimwandikia meneja barua, ya kwanza tangu ile ya kuomba kazi. Hakutaka zawadi wala hotuba, alitaka siku moja tu ya kulilainisha bawa hilo, asiache kosa nyuma yake. Sisi kumi na watatu tulikaa kikao, na mimi ndiye niliyetumwa kuandika majibu.

Shangazi, asante kwa macho, kwa sanduku, na kwa kutoniuliza kitu siku ile. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na chai ambayo kila siku itakuwa chai. Lakini dole gumba ni letu, halitoki.