Zuwena Kwenye Msalaba wa Mama Benedikta

Maana ya jina lake la pili, Zuwena, marehemu aliambiwa kwanza na Bi Zuwena binti Kombo wa Kigombe, mkunga aliyempokea tarehe 14 Machi 1951, katika kambi ya shamba la mkonge, ambako wazazi wake, mzee Laurenti na mama Leticia, walikuwa wamefika kutoka Songea bila ndugu yeyote. Mama Leticia alitokwa na damu nyingi, mkunga akamuuguza siku tatu, nao kwa shukrani wakampa mtoto jina lake, wakawa somo, ingawa mwezi wa Aprili mtoto alibatizwa Benedikta.

Alisoma hadi darasa la nne, 1959 hadi 1962, wenzake wakimtania kwamba ana jina la msikitini, akaenda kwa somo wake akilia, naye akamweleza kuwa ni jina la Kiarabu, limeletwa na watu wa Oman, maana yake kizuri kidogo, pambo la nyumba, wala halimtoi mtu katika dini yake.

Kuanzia 1966 alianika nyuzi za mkonge miaka thelathini na moja, tarehe 8 Julai 1972 akafunga ndoa na marehemu Edgar, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia.

Februari 2023 aliugua figo, akalazwa Tanga mara tano, kisha akauguzwa nyumbani na Devota, mke wa mwanawe Yona. Alichoka, na aliyemuuguza alichoka pia, hatutaficha. Akiogeshwa, alimwagiza Devota mara mbili kwamba msalaba wake uandikwe pia jina la Zuwena. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025.

Alhamisi jioni kikao cha ukoo, chini ya kaka yake, mzee Mathew, kiliamua liandikwe jina la ubatizo peke yake, watu wasije wakashangaa, na Devota, ambaye si msemaji, hakulitaja agizo lile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kigombe waliopika tangu msiba uanze, na wenzake wa shambani waliobaki.

Ijumaa asubuhi Devota alibeba mtoto mgongoni, akaenda kwa fundi Safari, aliyekuwa akiuandika msalaba, akaomba jina la pili liongezwe, fundi akauliza kama mzee Mathew anajua, akajibu kwamba anakwenda kumwambia, akangoja rangi ikauke, akaenda, akamwamkia shikamoo, akamweleza alivyoagizwa. Mzee Mathew akasema kumbe hata yeye hakuwahi kumwita dada yake Benedikta hata siku moja.

Ndio msalaba mnaouona. Lala, Zuwena, umechoka vya kutosha.